Amplifaya Haipimwi Chumbani

Karibu kila tathmini ya amplifaya ya gitaa unayoipata mtandaoni ina mtu mmoja tu ndani yake. Amekaa peke yake kwenye chumba chenye taa za zambarau, ukutani kuna magitaa saba, na anapiga rifu ileile kwenye mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anakunja uso kama mtu aliyeonja ndimu. Anasema hii ni noma. Wewe uko kitandani Pipeline au Kahawa West, hedifoni masikioni, na unamwamini, kwa sababu kweli unachosikia ni kitamu.

Shida ni kwamba amplifaya yenyewe hujaisikia. Umesikia maikrofoni iliyowekwa sentimita chache kutoka kwa spika moja, halafu kompyuta ya mhandisi, halafu YouTube, ambayo hushusha video zenye sauti kubwa hadi zikaribiane na nyingine. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi. Mashine ya wati 120 na kile kisanduku cha wati 5 cha kujifunzia zinakufikia zikiwa na ukubwa uleule wa sauti. Ni kama kulinganisha ndovu na mbuzi kwa picha za pasipoti. Ukubwa, ambao ulikuwa hoja nzima ya kutengeneza mashine ya aina hii, umeondolewa kabla jaribio halijaanza.

Nimekuwa nikiyawaza haya kwa sababu bendi yetu ilitaka kununua. Tuko wanne, tunapiga metali, na kwa miezi mingi tulikuwa tunatuma elfu mbili mbili kwa simu ya mpiga besi, ambaye ndiye peke yake kati yetu anayeaminika na pesa. Kilichopatikana ni Peavey 5150 iliyotumika, kichwa pamoja na kabati la spika nne za inchi 12. Bei yake ilikuwa kodi yangu ya nyumba ya miezi minane. Mwenyewe, mzee mmoja aliyewahi kupiga kwenye bendi za hoteli, alitupa siku mbili. "Pelekeni, vijana, mpige mpaka mridhike," alisema. "Lakini mkichoma vali, mmenunua." Mimi nikapewa kazi ya kusikiliza na kutoa hukumu, maana ati ndiye ninayeandika andika.

Kuipima kejani halikuwa jambo la kufikiriwa. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo, lakini hata bila kanuni kuna keateka.

Kwa wale ambao hawajawahi kushika moja: amplifaya ya geini kubwa hufanya kazi kwa kuharibu makusudi. Umeme unaotoka kwenye gitaa ni dhaifu. Vali ya kwanza inaukuza na kuusukuma kwa ya pili, ya pili inausukuma kwa ya tatu, na kila moja inatwikwa zaidi ya inachoweza kubeba. Wimbi lililoingia na mgongo wa mviringo linatoka limekatwa kichwa, karibu mraba, na kule kukatwa ndiko kunakozaa sauti nyingi ndogondogo juu ya noti uliyopiga. Mkwaruzo tunaoupenda ni huo. Ndiyo maana sisi wa metali hupiga noti mbili tu, mzizi na ya tano yake. Ukiongeza ya tatu katikati, sauti zinagongana ndani ya vali na unabaki na uji.

Peavey ni kampuni ya Meridian, Mississippi, iliyoanzishwa na Hartley Peavey mwaka 1965. 5150 ilitoka mwaka 1992, kazi ya mhandisi James Brown (si yule wa kuimba na kuteleza jukwaani) pamoja na Eddie Van Halen. Namba yenyewe ni ya kifungu cha sheria ya California kinachoruhusu mtu mwenye matatizo ya akili kushikiliwa kwa uangalizi. Van Halen alikuwa ameshaipa studio yake jina hilo, na bendi ikaipa albamu ya 1986. Ndani kuna vali tano ndogo aina ya 12AX7 na nne kubwa za 6L6. Kinachochekesha ni kwamba waliokuja kuikumbatia hasa si watu wa roki ya sherehe kama yake. Ni watu wa metali nzito: Machine Head walikuwa nayo kwenye Burn My Eyes, 1994, na tangu hapo imekuwa karibu samani ya studio za metali. Van Halen alipoondoka na jina lake mwaka 2004, Peavey waliendelea kuiuza kama 6505, namba ya miaka yao 40, 1965 hadi 2005. Kampuni ilibadilisha jina mlangoni, mpangaji akabaki yuleyule.

Lakini kwa kazi niliyopewa, sehemu muhimu ya historia iko nyuma zaidi. Kwenye albamu yao ya kwanza, ya 1978, Van Halen alitumia Marshall ya wati 100 ikiwa imefunguliwa nobu zote hadi mwisho. Mashine hizo za zamani zilikwaruza tu zikipigishwa kwa nguvu zake zote. Ukishusha sauti, mkwaruzo unaenda nayo. Basi yeye aliiunganisha na kifaa cha kushusha volti, mashine ikafanya kazi kwa umeme pungufu. Alitaka toni ya amplifaya inayopiga kelele bila ile kelele yote. Sisi ambao stima hushuka yenyewe saa moja jioni tunaweza kusema tulikuwa mbele ya wakati.

Mashine kama 5150 zilitatua shida hiyo kwa njia nyingine. Mkwaruzo ulihamishwa kutoka vali kubwa za mwishoni hadi zile ndogo za mwanzoni, halafu pakawekwa nobu mbili. Pre inaamua ukwaruze kiasi gani. Post inaamua jirani asikie kiasi gani. Kwa nadharia, toni na ukubwa wa sauti vilipewa talaka rasmi. Nilichotaka kujua ni kama talaka hiyo ilikamilika.

Yetu ilikuwa imetoka Marekani, ya volti 120, kwa hivyo kabla ya lolote tulitafuta transfoma ya kushusha zile 240 za hapa. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani utasikia toni moja tu, na haitarudiwa. Tukaipandisha ngazi hadi chumba cha mazoezi tunachokodi Industrial Area, juu ya godauni, chenye mablanketi ukutani na zulia lililowahi kuwa jekundu.

Nilianza nikiwa peke yangu, Post kwenye 1. Mkwaruzo upo. Kila kitu kipo, na bado hakuna kitu. Ni nyuki ndani ya mkebe wa Blue Band. Kwa hivyo nilifanya anachofanya kila mpiga gitaa duniani akiwa peke yake: nikaongeza besi, nikaongeza trebo, nikashusha sauti za kati hadi karibu sifuri. Papo hapo ikawa tamu. Pana, inang'aa, ileile ya kwenye video.

Utamu huo una maelezo, na ni ya zamani. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba sikio la binadamu si mizani ya haki. Sauti ikiwa ndogo, tunapunjwa besi na tunapunjwa pia zile za juu kabisa. Sauti ikiwa kubwa, sikio linafunguka na kuzipokea zote karibu sawa. Kwa hiyo nikiwa chini, nilichokuwa nikikifanya ni kuziba pengo la sikio langu. Mashine haikuhitaji marekebisho hayo. Na hapa ndipo tathmini za chumbani zinapotuponza: zinatufundisha kupenda mpangilio ambao unafanya kazi mradi tu hakuna mtu mwingine chumbani.

Mpiga drams wetu hana subira na nadharia. Alifika, akasikiliza toni yangu nzuri, akaketi, akapiga baa nne, akasimama.

"Buda, uko wapi?"

Nilikuwa mita mbili kutoka kwake, na spika nne nyuma yangu.

Nilikuwa nimeliwa. Uzi mnene wa gitaa unatetemeka mara 82 kwa sekunde, wa besi mara 41, na chini huko tayari kuna besi na drams la mguu wanaogombania nafasi. Juu kuna matoazi. Spika ya inchi 12 haina mengi ya kusema ukishapita mara 5,000 kwa sekunde. Nyumba ya gitaa ni katikati, na katikati ndiko nilikokuwa nimekubomoa kwa mkono wangu ili nisikike mzuri nikiwa pekee.

Wacha nitoke nje ya metali kidogo. Mtu aliyekulia Kenya hana haja ya kufundishwa hili. Ameshalisikia kwenye kila matatu na kila harusi ya mashambani. Sikiliza gitaa la solo kwenye benga, sikiliza rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz. Gitaa halina mkwaruzo wa kutaja, halina besi, na linapita juu ya kila kitu likiongea kama shangazi aliyekasirika. Hakuna anayeliuliza liko wapi. Linaishi katikati na halina aibu. Sisi vijana wa metali tulisikia mambo haya tangu utotoni, halafu tukaenda kujifunza toni kwa msee wa taa za zambarau.

Nilirudisha sauti za kati hadi 6, nikashusha besi. Nikiwa peke yangu ilisikika vibaya, kama mtu anayeongelea puani. Mpiga drams akapiga tena. Akatikisa kichwa bila kusimama, ambayo kwake ni hotuba.

Sasa ukubwa. Jibu la kwanza la mpiga gitaa asiyesikika ni kuongeza sauti, na jibu la pili ni kununua wati zaidi. Hesabu yake inasikitisha. Ukiongeza nguvu mara mbili, unapata desibeli 3. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kutoka wati 60 hadi 120 kuna tofauti ambayo ukitoka kununua chai na kurudi huwezi kuapa kwamba ipo. Msee akijigamba kwamba yake ni ya mia na yako ni ya hamsini, mnunulie soda umwache.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio wa kutisha. Spika kama Celestion Vintage 30, ambayo utaikuta kwenye makabati mengi ya metali, hutoa desibeli 100 kwa wati moja tu, ukiwa mita moja mbele yake. Wati moja. Kumi zinakupa 110, mia zinakupa 120. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inashauri mtu asizidi saa 8 kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ukatwe nusu. Piga hesabu mwenyewe. Kwenye 100 una dakika 15 kwa siku, na hapo mashine ya wati 120 haijaamka vizuri.

Nilizungusha Post polepole na simu mkononi, ile programu ya kupima kelele ikiwa wazi. Kutoka 1 hadi karibu 3, namba zilipanda kama lifti. Baada ya 3 zilikwama, na si kwa sababu tu maikrofoni ya simu huzidiwa huko juu: sikio pia lilisema hivyo. Sauti haikuwa ikikua tena, ilikuwa inanenepa. Nobu ina namba hadi 10, na nusu yake ya pili ni ya kumfurahisha mwenye nobu.

Lakini kabla ya 3, mahali fulani kwenye 2 na nusu, kilitokea kitu ambacho video haiwezi kukuletea. Nilishikilia noti moja juu ya shingo ya gitaa, nikageuka kuelekea kabati, na noti haikufa. Hewa iliyosukumwa na spika ilirudi ikatikisa uzi uleule, uzi ukailisha amplifaya, amplifaya ikairudisha kwa hewa. Noti ikakaa, halafu ikageuka polepole ikawa ile ya juu yake. Mbao za gitaa zilikuwa zinatetemeka kwenye mbavu zangu. Kwenye 1 mimi ndiye niliyekuwa nikiipigia mashine. Hapa ilikuwa inanijibu. Kwa hiyo hapana, talaka haikukamilika. Kuna sehemu ya toni inayoishi ndani ya ukubwa, na hakuna Pre itakayokupa.

Pre nayo. Watu wengi, pamoja na mpiga gitaa wetu wa pili, hudhani geini ndiyo uzito. Aliichukua mashine, akaipeleka Pre hadi 7, na kweli ilinguruma. Ila mkwaruzo ukizidi, ukigusa uzi kwa upole na ukiupiga kwa hasira unapata kitu kilekile. Mkono wako unakuwa swichi. Jaribio langu ni rahisi na halihitaji kifaa. Ziba nyuzi kwa kiganja, piga noti nane za haraka, simama ghafla. Usisikilize noti. Sikiliza kule kusimama. Kwenye 7, tuliposimama, chumba kilijaa shhh kama mvua kwenye mabati, na ule mpigo wa mwisho ulikuwa bado unajiburuta sakafuni. Kwenye 4, mlango ulifungwa. Noti nane, pah, kimya, halafu kishindo cha drams kikaingia kwenye nafasi safi.

Hiyo ndiyo sifa kubwa ya 5150 na siogopi kuisema: ina breki. Nimesikia amplifaya nyingi zinazoweza kunguruma. Zinazoweza kuacha ni chache. Rifu ya metali hutisha kwa namna inavyokatwa, kama vile basi kubwa linavyotisha linapokufungia breki hatua moja kutoka kwa miguu yako. Geini iliyopungua ikaifanya bendi yetu isikike nzito zaidi, na mpiga gitaa wa pili bado hajanisamehe.

Siku ya pili mpiga besi alikuja na laptopu. Ndani yake kulikuwa na programu inayoiga mashine hiihii, ya bei ndogo sana ukilinganisha na ile kodi ya miezi minane. Tukaiunganisha na spika za chumba. Kabati nalo tukaliwekea maikrofoni lipitie spika hizohizo, tukatundika shuka katikati, na wawili wakakaa upande wa pili bila kuona.

Raundi ya kwanza kila mtu alichagua amplifaya. Nikaangalia vipimo: ilikuwa juu kwa desibeli mbili hivi. Kila muuza vifaa anaijua siri hiyo, kwamba kilicho juu kidogo sikio hukiita kizuri. Tukasawazisha. Raundi ya pili mpiga gitaa wa pili akachagua laptopu, akaisifu kwa joto la vali. Mpiga drams akasema zote ni moja, tuendelee. Raundi ya tatu ilikuwa vilevile vurugu. Kisha nikapiga mimi, nikiwa upande wa kabati, na nikajua papo hapo. Si kwa masikio. Kwa mbavu.

Nilikaa na jibu hilo kwa muda kwa sababu halikuwa nililolitaka. Kwa msikilizaji nyuma ya shuka, talaka ilikamilika zamani. Kwa anayepiga, haijawahi kukamilika. Na ukumbini, msikilizaji karibu kila mara yuko nyuma ya shuka: anasikia maikrofoni na spika za ukumbi, kabati lako ni picha tu. Maana yake ukubwa tunaoulipia ni starehe yetu wenyewe jukwaani. Si kitu kidogo, starehe ya mpigaji inaingia kwenye upigaji. Lakini tuache kusema tunafanya kwa ajili ya mashabiki.

Kama unataka ushahidi kwamba uzito hautoki kwenye wati, unao hapahapa nyumbani. Duma, yaani giza kwa Gikuyu, walikuwa watu wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu. Albamu yao ya 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ina midundo ya mashine, gitaa lililokunjwa hadi halijijui, na sauti ya Kanja inayopiga kelele kana kwamba chumba kinaungua. Ni nzito kuliko bendi nyingi nilizowahi kuona mbele ya ukuta wa makabati. Ukiisikiliza kwa sauti ya chini usiku, bado inakukaba. Hakuna anayeisikiliza akiuliza ni vali gani.

Halafu kuna gharama ambayo haiko kwenye bei. Mwaka 1976 The Who walipiga kwenye uwanja wa Charlton, London, na vipimo vikaonyesha desibeli 126 umbali wa mita 32. Guinness wakaiandika kama rekodi ya bendi yenye sauti kubwa zaidi, na baadaye wakaacha kabisa kuhesabu rekodi za aina hiyo ili watu wasishindane kujiharibu. Mpiga gitaa wao, Pete Townshend, ambaye Marshall za wati 100 zilianza kutengenezwa miaka ya 60 kwa kusukumwa na watu kama yeye, amezungumza hadharani kwa miaka mingi kuhusu masikio yake yaliyoharibika na mlio usiokoma. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kupoteza usikivu kwa namna tunavyosikiliza vitu. Ni namba kubwa mno, huwezi kuihisi.

Ninachohisi ni mpiga drams wetu. Ana mlio kwenye sikio la kushoto tangu mwaka juzi. Anauita transfoma, kwa sababu unafanana na ile ya kwenye nguzo mtaani usiku. Nilipokuwa nikiwaeleza wenzangu kuhusu breki, kuhusu kimya kati ya noti ya nane na kishindo chake, nikiwa nimechangamka kweli, alinitazama akasema, "Hiyo kimya unasema, mimi siiskii. Najua tu iko hapo juu mnasimama." Halafu akauliza kama tunaanza tena au tumeamua kuwa podkasti.

Sijui mtu hutathmini vipi amplifaya baada ya hapo. Nimesema ubora wake uko kwenye kimya, na mashine yenyewe, ikitumiwa inavyoomba kutumiwa, ndiyo inayokichukua. Mtu wa tathmini anayekupa nyota nne na nusu bila kutaja hilo hajamaliza kazi. Ni kama kuisifu pikipiki na kukataa kuzungumzia goti.

Hukumu yangu kwa bendi niliiandika kwenye karatasi ya daftari. Tununue, kwa sababu inasimama vizuri kuliko yoyote tuliyoijaribu na kwa sababu bendi inayofanya mazoezi kwa hedifoni haijifunzi kupumua pamoja. Pre 4. Sauti za kati 6. Post isipite 2 na nusu, na hiyo ya juu kabisa kwa muda mfupi tu. Kabati lisilale sakafuni likipigia magoti yangu na masikio ya walio mbele. Sauti kali za spika hutoka kama tochi, kwa hiyo tuliinamishe nyuma limwangalie usoni anayepiga, na ataomba mwenyewe lipunguzwe. Kabati likae mbali na sikio la kushoto la mpiga drams. Vizibo vya masikio jozi nne kutoka kwa pesa za bendi, kabla ya kebo, kabla ya nyuzi mpya. Tukirekodi, tutumie laptopu, na tusimwambie mtu.

Mzee amelipwa. Vizibo tunavyo, na mpiga besi ndiye anayevigawa mlangoni kama askari wa benki. Mpiga gitaa wa pili bado anashikilia kwamba sauti za kati kwenye 6 ni toni ya kwaya, na Jumamosi nilikuta ameirudisha kwenye 2 nilipokuwa chooni. Nimebandika tepu juu ya nobu.